Kofia Uliyompa Nasra

Zuhura, Mama Shamsa, shoga yangu,

Sijui salamu gani inamfaa mtu aliyeko huko uliko, kwa hiyo nakusalimu tulivyozoea: za kwako, mwenzangu? Za huku si nzuri. Kila anayepita kibandani kwangu ananiuliza, namjibu nzuri, nzuri tu. Wewe ndiye niliyekuwa nakwambia ukweli, na sioni kwa nini niache sasa.

Nakuandikia cherehani nimeifunika turubai, mvua inapiga bati, wateja hawaji. Mvua siku hizi siitaki. Sie wawili tulikuwaga tunaipenda. Ulikuwa unakuja hapa ukitoka karakana ya samani, vumbi la msasa bado liko kwenye nyusi, unakaa kwenye kile kigoda, tunacheka watu wanavyoruka madimbwi. Sasa ikinyesha nasikiliza upepo. Nasikiliza matawi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja kwenye Jumamosi ile nitashindwa.

Unalikumbuka lile korongo. Lilianza nyuma ya nyumba za mtaa wetu kama mfereji wa kumwagia maji ya kufulia. Masika moja likameza choo cha jirani. Masika iliyofuata likala na jiko lake, tukachungulia asubuhi tukaona mafiga yako chini kule kwenye tope. Ndipo Mzee Haule, mwalimu mstaafu, alipotukusanya akasema, "Kamsitu kale kaliko juu ya mtaa ndiko kanakoshika udongo. Kakiisha, tutahamia bondeni wote bila kufunga mizigo." Watu walicheka. Jumamosi yake tukapanda kilimani wachache, mie nikiwamo, kwenda kuondoa miti iliyoanguka kwenye mkondo wa maji na kufyeka vichaka vilivyokuwa vinakaba miche. Kazi ya kujitolea, malipo yake chai na mihogo.

Wewe ulikuja Jumamosi ya pili. Ukatukuta tumebanana kwenye kichaka kimoja, mapanga yanapita masikioni, mmoja wetu kavaa kandambili. Ulisimama mikono kiunoni ukasema, "Jamani, mmekuja kupanda miti au kupanda watu?"

Tangu siku hiyo vifaa vikawa vyako, pamoja na filimbi ya kusimamisha kazi. Hakuna aliyekuchagua. Ulivichukua tu, kama mtu anavyochukua mtoto anayelia. Baba yako alikuwa mchonga vinyago Newala, na ulitusimulia kuwa kidole alichokosa hakikukatwa na patasi kali bali na patasi butu, kwa sababu butu unailazimisha, na kitu ukikilazimisha kinakwenda kinakotaka chenyewe. Ulitufundisha kunoa. Ulitufundisha msumeno hausukumwi, una meno yake, uache ule. Ukamsimamisha kila mtu anyooshe mkono na panga lake, na mwenzake anyooshe lake, na yasipogusana ndipo kazi ianze.

Mie hukunionea haya hata kidogo. Siku ile nilipokuja na shoka la mume wangu, mpini unacheza, ulininyang'anya mbele ya watu. "Mama Neema, shoka hili linataka kwenda kwa mtu." Nilinuna. Ukakaa nalo chini, ukalichongea kabari ya mti mkavu, ukaligonga mpaka likatulia, ukanirudishia huku unacheka. "Sasa linataka kazi." Mpaka leo halijacheza. Mume wangu akilishika huwa analitikisa kwanza, halafu ananitazama.

Haya. Jumamosi ile.

Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua na upepo. Mjohoro mkubwa ulikuwa umeanguka kando ya ule mkuyu mzee wa pale chemchemini, umeziba kijia na maji. Fundi Baraka alikuwa anaukata vipande kwa chenso, ule msumeno wake wa injini, na sie wengine tunaburuta matawi. Ulikuwa umefunga kamba kuzunguka sehemu ya kazi kama kawaida yako. Uliukagua mjohoro tangu mizizi mpaka ncha. Uliangalia na juu, nilikuona kwa macho yangu, umekinga jua kwa kiganja. Majani ya mkuyu yalikuwa mazito.

Kisha akaja Nasra. Wakati ule hatukujua hata jina lake, msichana wa chuo tu aliyesikia habari zetu kwa watu, katoka Temeke alfajiri, kaazima mabuti ya kaka yake. Kofia ngumu hana, na zetu zote ziko vichwani. Sheria yako ilikuwa moja: bila kofia huvuki kamba. Nilijua utamrudisha. Ulimtazama, ukanitazama mie, ukasema taratibu asisikie, "Katoka Temeke yote hiyo. Nimwambie nini?" Ukavua kofia yako. Ukamvika, ukamkaza mkanda chini ya kidevu kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Mie nitakaa nje ya kamba," ulisema. "Ninoe mapanga."

Nalisema hili kwa sababu watu wamesema mengi. Hukuivunja sheria yako. Ulitoka nje ya kamba. Ulikaa kwenye kigogo upande wa pili wa mkuyu, panga mapajani, tupa mkononi, mbali na msumeno, mahali ambapo sote tulikuwa tunakaaga kunywa chai.

Baraka alikuwa amezima injini aongeze mafuta. Palikuwa kimya, nasikia tupa yako ikipita kwenye chuma. Upepo ukaja, wala haukuwa mkubwa. Juu pakasikika kitu kama kitambaa kinachanika, na mie fundi cherehani nikawaza kitambaa. Kweli nikawaza kitambaa. Nikainua macho, tawi linashuka. Naamini nilipiga kelele jina lako. Baraka anasema sikupiga, anasema mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Tupa ikanyamaza.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe ulikuwepo.

Tulikuteremsha kwa kitenge na fito mbili mpaka barabara ya Morogoro, tukapata bajaji ya kukuwahisha hospitali. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nakwambia mambo ya kipuuzi, kwamba gauni la Shamsa limekwisha, nimebakiza vifungo, aje alijaribu. Kabla hatujafika Mbezi Luis nilijua. Sikumwambia dereva. Nilitaka aendelee kukimbia.

Walikuzika kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Jeneza lilipoinuliwa nikasimama nifuate, mama mmoja wa kwenu akanishika kanga. "Kaa, mwanangu. Wanaume watamfikisha." Kwetu Mbinga tunakwenda wote hadi kaburini, kila mtu anatupia udongo wake. Mie mkono wangu haukukutupia udongo, Zuhura. Nilikaa mkekani na wenzangu, mitungi ya maji pembeni, nikausikiliza msafara unavyopungua sauti barabarani. Baadaye nimekwenda peke yangu, nikasimama. Sikujua niseme nini kwa desturi yenu, nikasema tu nimefika.

Siku ya pili ya matanga akaja Nasra. Alibeba mfuko wa rambo, ndani yake kofia yako, kaiosha mpaka inang'aa. Alipiga magoti mbele ya Baba Shamsa, kaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba. Nimeleta kofia ya mama." Shamsa akainuka akaingia ndani, tukasikia mlango. Mumeo akaigusa ile kofia kwa kidole, hakuipokea. Kisha akasema, "Alikupa mwenyewe. Kitu alichotoa marehemu, sie haturudishiwi. Nenda nayo, mwanangu. Ivae." Msichana akalia mpaka akatapika. Nikampeleka nyuma ya nyumba nikamnawisha uso.

Nitakwambia na hili, maana nani mwingine nitamwambia. Nilikukasirikia. Hata msibani, nikipepeta mchele, nilikuwa nimekukasirikia wewe. Ungemrudisha Temeke. Angenuna siku moja, angekusema kwa wenzake, basi. Daktari nilimuuliza kama kofia ingesaidia, akasema tawi lile lilikuwa zito, hawezi kusema ndiyo wala hapana. Nimeibeba hiyo "ndiyo wala hapana" miezi yote hii. Haipungui uzito.

Na mtaani wakaanza. Wengine walisema mkuyu ule una wenyewe, tumewapigia kelele za injini mlangoni kwao. Wengine wakasema siku yako ilikuwa imefika, hata ungelala kitandani. Mzee Haule, jinsi alivyokupenda, akasema tusichimbe, tumwachie Mungu. Kundi likavunjika bila mtu kulivunja. Jumamosi ikifika kila mmoja ana udhuru. Baraka akafunga msumeno wake kwenye gunia na hakuonekana tena hata kijiweni. Mkewe aliniambia halali, anasema mtikisiko wa injini yake ndio uliolegeza lile tawi. Huko juu kilimani wachoma mkaa wakaona njia iko wazi. Tukawa tunaona moshi, tunaangalia pembeni.

Aliyetuinua ni mwanao. Arobaini yako, dua imekwisha, watu wanakula, Shamsa akasimama katikati ya uani. Unamjua Shamsa, hajawahi kuinua sauti mbele ya wakubwa. Akasema, "Shikamooni wazee wangu. Mmesema ni jini. Mmesema ni siku yake. Mungu ni wangu pia, na simuulizi Mungu. Nawauliza nyie mliokuwepo. Mama yangu amekufa kwenye kazi ya bure. Lile tawi lilikuwa wapi kabla halijamwangukia?"

Nikajikuta nasema, "Twende tukaangalie."

Tukaenda kesho yake: Shamsa, baba yake, Mzee Haule, mie, na Baraka ambaye nilimfuata kwake nikakaa mlangoni mpaka akavaa viatu. Tawi bado lilikuwa pale. Baraka alilishika kwa ncha, akaligeuza, akaangalia pale lilipovunjika. Kisha akasema, "Hili si la mkuyu. Hili ni la mjohoro." Akatuonyesha jeraha kwenye gogo la mjohoro, na ncha ya tawi, vikaingiana kama kufuli na ufunguo wake. Mjohoro ulipoangushwa na upepo, siku kadhaa kabla yetu, tawi lake lilivunjika likanasa juu ya mkuyu, ndani ya majani. Lilikuwa linaning'inia wakati wote tunafanya kazi. Lilikuwa linaning'inia ulipokaa.

Shamsa akauliza, "Lilikuwa halionekani?"

Kwa upande wa kijiani, hapana. Baraka akanyoosha kidole upande wa chemchemi, kule kwenye tope, ambako siku ile hakuna aliyekwenda kwa sababu panateleza. Mwanao akaenda. Viatu vilizama, akavivua akavibeba. Akafika, akainua uso. Gome la mkuyu lilikuwa limechubuka juu kule, doa jeupe kubwa kama sinia.

"Pangeonekana," akasema. Basi.

Nilidhani atatutukana, na tungestahili. Baraka alikuwa amekaa chini kwenye majani maji, kichwa kati ya magoti. Shamsa akarudi na miguu yake ya tope, akasimama mbele yake. "Braza, si msumeno wako. Ni upande ambao hakuna aliyeuendea."

Tulikuwa tunakagua tunapokata, Mama Shamsa. Tunapokaa, hatukukagua. Tulifunga kamba kuzunguka kazi, tukadhani hatari nayo inaijua kamba. Hata wewe ulidhani. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu wewe usingekubali nikufunike.

Siku chache baadaye mumeo akaniletea sanduku lako la vifaa kwa toroli. "Vichukue, shemeji. Humu ndani vinanitazama." Yeye mwenyewe amekonda. Anapika ugali wa kumtosha mtu mmoja zaidi, halafu unabaki. Shamsa kaajiriwa duka la dawa, anarudi jioni, wanakaa uani wawili wale wala hawagombani tena. Nilizoea kuwasikia wakigombana. Gauni lake nilimalizia vifungo, hajalivaa.

Tulirudi kilimani mwishoni mwa kiangazi. Wachache. Nasra akaja, na Baraka, bila kusalimiana sana. Mzee Haule akaniambia mbele ya wote, "Mama Neema, filimbi ushike wewe." Sikuitaka. Nilitaka uishike wewe, na nilipoivaa shingoni nilihisi kama naiba. Sasa kabla ya kazi tunauzunguka kila mti, pande zote, hata za tope, watu wawili wawili, na mahali pa chai tunapakagua kama tunavyokagua pa kukatia. Asiye na kofia anabaki mtaani kutupikia mihogo, na hiyo nayo ni kazi. Nimeshamrudisha mtu aliyetoka Chanika. Aliniita roho mbaya. Sikulala vizuri.

Sasa nikusimulie nililokuwa natafuta njia ya kukusimulia tangu nilipoanza kuandika.

Kulikuwa na mjohoro mwingine, ule wa kule juu karibu na mpaka wa msitu, uling'oka nusu ukamlalia mwenzake, umekatiza kijia. Jumamosi hiyo tulikuwa wengi, vijana wa kanisani wamekuja kutusaidia, wana nguvu, wana haraka. Baraka alitaka kuushusha tumalize. Niliuzunguka. Nikauzunguka tena. Upande mmoja mizizi ilikuwa bado imeshika, upande wa pili udongo umepasuka, na kule juu panda la tawi limeingia kwenye panda la mwenzake, sikuweza kusema likiachia litakwenda wapi. Nilimwuliza Baraka, "Una hakika mti utalala kushoto?" Akaangalia. Akasema, "Nadhani."

Nikapiga filimbi.

Waliguna wote. Kijana mmoja akasema, "Mama, kwa uoga huu hatutamaliza hata mwakani." Na mmoja wetu wa zamani, simtaji, akasema kwa sauti ya chini ila nikasikia, "Mama Shamsa angeukata." Hilo lilinichoma, shoga. Liliingia mpaka ndani. Kwa sababu sijui. Labda ungeukata na ukalala kushoto na tukala mihogo. Nilisimama pale na filimbi mdomoni kama mjinga, nikasema hapana. Tukafunga kijia kamba pande zote mbili, nikaning'iniza vitambaa vyekundu nilivyotoa kwenye mabaki ya kushonea, tukateremka na misumeno ambayo haijagusa kitu. Njiani hakuna aliyezungumza nami. Nyumbani nikajifungia chumbani, nikajiona nimeliharibu jina lako.

Katikati ya wiki upepo ukavuma, wala haukuwa mkubwa. Jumamosi tukapanda. Tukakuta kamba imekatika, vitambaa viko chini ya gogo. Mti ulikuwa umekwenda kulia. Umeserereka, ukajizungusha kwenye shina la mwenzake, ukashuka pale pale ambapo Baraka angekuwa amesimama na wale vijana nyuma yake wameshika kamba. Tawi moja lilikuwa limejikita ardhini kama mkuki. Baraka akajaribu kulichomoa, likakataa.

Baraka alivua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena. Yule aliyesema ungeukata akaja akasimama karibu yangu, bega kwa bega, akakaa hivyo tu.

Nikakaa chini nikalia. Walidhani nakulilia wewe, na nilikuwa nakulilia, lakini si hilo tu. Nilikuwa naangalia nyasi. Zilikuwa zimelazwa na mti, nyasi tupu, hakuna mtu chini yake. Hakuna mama aliyepigiwa simu. Hakuna turubai lililofungwa mtaani. Wale vijana wa kanisani wako makwao, wanafua, wanakula, wananiita mwoga, wazima. Hawatajua kamwe. Jambo likiepukika halina msiba, halina arobaini, hakuna atakayelikumbuka. Nikawaza ni Jumamosi ngapi ulitupa namna hiyo, miaka yote ile, na sie tukarudi nyumbani tunalalamika kuwa una masharti mengi. Hatukukushukuru. Tungeshukuru kwa lipi? Hakuna kilichokuwa kimetokea.

Mvua imepungua. Kuna mteja anavua viatu hapo mlangoni, lazima niifunge barua.

Pumzika, Zuhura. Mungu wako na wangu akupe kivuli kisicho na hatari juu yake. Sikuahidi kwamba kundi litadumu, wala kwamba korongo litasimama, maana sijui. Nakuahidi hili ninaloliweza: nitakuwa mwoga mbele za watu, kwa sauti, hata wakinicheka, na nitauendea ule upande wa tope.

Ni mie mwenzako,
Mama Neema